Baiskeli Yangu Iliyotolewa Sadaka

Njombe,
21 Julai 2025.

Mpendwa mwanangu Amoni,

Kamwene! Mimi shangazi yako nakusalimu wewe, mkamwana wangu Fidelia na mjukuu wangu Joackim. Natumaini huko Moshi mmeamka salama, na kile kikohozi cha Joackim kimeisha. Sisi huku tunaendelea, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi maji ya ndoo yanaganda juu, na mama yako anapika uji akiwa amejitanda blanketi. Habari ya mgongo wangu nitaifikia, maana ndiyo iliyozaa barua hii.

Usishangae kupata barua wakati simu unayo. Ukiongea kwa simu katika nyumba hii unasikika mpaka zizini, na haya ninayokuandikia sitaki baba yako ayasikie. Nitampa Oktavia, binti wa jirani, anayerudi chuoni huko kwenu kesho. Ukishaisoma, ifiche.

Kwanza nikushukuru tena kwa baiskeli uliyonitumia mwaka jana. Tangu nianguke kutoka kwenye lori la mbao, daktari wa hospitali ya Tandala alinikataza kutembea mwendo mrefu na kupanda pikipiki. Baiskeli aliniruhusu, mradi iwe yenye springi mbele na nyuma, imeze mashimo yenyewe na kuuacha mgongo wangu. Ukanitafutia. Kwa baiskeli ile nilirudi kwenye kazi yangu ya kukagua parachichi mashambani, nikaacha kuomba chumvi kwa watu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili nateremka bondeni, wakulima wananipisha njia! Nilikuwa na furaha, mwanangu, sitaki kukuficha.

Mwezi wa tano nilirudi Tandala kupimwa, wakaniambia nilale wanichunguze. Baiskeli nilimwachia baba yako aifungie ghalani. Nilimwachia na ile pampu yake ndogo.

Sasa sikia alichofanya kaka yangu, huyo baba yako. Siku ya Mavuno ilipokaribia, Mzee Laurenti alitangaza kwamba atatoa ndama. Baba yako alikuwa ameandaa gunia la mahindi, na unavyomjua, hawezi kukubali mzee mwenzake wa kanisa amzidi mbele za watu. Basi akaingia ghalani, akaifuta baiskeli yangu vumbi, akaifunga utepe mwekundu kwenye usukani, akaisukuma mpaka madhabahuni. Kwaya ikaimba. Mama yako anasema watu walipiga vigelegele. Baada ya ibada ikapigwa mnada nje pamoja na kuku na mikungu ya ndizi, akainunua Hezekia, yule mfanyabiashara wa mbao wa Makambako aliyekuja kusali kwetu siku hiyo.

Kutoa ni moyo, sawa. Lakini basi mtu atoe cha kwake!

Niliporudi nikamuuliza. Unajua alinijibu nini? "Alichonunua mwanangu ni changu." Kisha akaongeza kwamba mwanamke wa umri wangu kupanda baiskeli ni aibu kwa ukoo, eti alikuwa ananisitiri. Nilikasirika. Angeniibia fedha ningesamehe upesi zaidi.

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza vizuri na akasikitika, lakini sadaka ikishawekwa madhabahuni hairudi, na ile imeshageuka mabati ya darasa la Shule ya Jumapili. Ningeyang'oa?

Nikapanda gari mpaka Makambako kumwomba Hezekia aniuzie. Yeye si mtu mbaya. Alinipa chai na maandazi, akanipeleka nyuma ya ghala lake, na hapo nikaiona. Amoni, alikuwa ameing'oa shokapu, ile springi ya nyuma, na mahali pake amechomelea kipande cha nondo! Juu ameweka karia la kupakia mbao. "Ilikuwa inazama kila nikipakia, mama," akaniambia kwa fahari. "Sasa imetulia." Nililia njia nzima mpaka Njombe, na kila chozi nililiandikia jina la baba yako.

Jumapili iliyofuata, muda wa shukrani ulipofika, nikaenda mbele na fimbo yangu, polepole, ili kila mtu anione. Nikatoa bahasha yangu, nikaomba kusema neno. Nikasema: "Namshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yangu Nathanieli. Baiskeli aliyoitoa ilikuwa ndiyo miguu yangu. Lakini hakunitupa. Ameahidi kunipeleka mashambani kila siku ya kazi kwa pikapu yake, bila nauli, mpaka nipate baiskeli nyingine. Naomba mumbariki."

Hakuwa ameahidi chochote. Kanisa zima likaitikia amina, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mzee Laurenti. Baba yako alikuwa amekaa mbele na wazee wenzake. Angesimama akane, ingebidi aeleze baiskeli ilikuwa ya nani. Akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Tangu siku hiyo ni mimi ninayemgongea dirisha alfajiri. Ile pikapu aliyokuwa akiifuta kama ya harusi sasa imechanwa na matawi ubavuni kote, na springi zake zimeanza kulia. Mashamba ya karibu nimewaachia wakaguzi wenzangu, mimi nimechukua ya mbali, yale ya kushuka makorongo na kuvuka madaraja ya magogo. Wakulima wakituona wanamwambia, "Mzee wa kanisa, Mungu akuzidishie kwa upendo wako kwa dada." Inambidi atabasamu. Mimi naangalia dirishani ili nisicheke. Mama yako ananiunga mkono. Kila jioni ananiuliza tulipita wapi, kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, na baba yako amekonda.

Mchungaji aliniita, akanikumbusha kwamba kisasi si kazi yetu wanadamu. Nikamwambia mimi sijalipa kisasi, nimetoa shukrani tu. Alikohoa kidogo, akaniaga.

Sitakudanganya, kinanigharimu. Pikapu inarusha kuliko lori, na usiku mgongo unawaka moto mpaka nalala chini sakafuni. Daktari akijua atanifukuza. Kwa hiyo baiskeli naihitaji kweli, na nakuomba uanze kunitafutia nyingine huko kwenye karakana yenu ya baiskeli.

Usininunulie mpya. Za dukani nilizitazama siku ile Makambako. Zina springi ya nyuma ya urembo, nzito kama mlango wa chuma. Ukikanyaga, nguvu yako yote inaishia kwenye springi na baiskeli haiendi. Nimeweka akiba milioni moja na nusu. Kwa fedha hiyo heri ya kweli iliyotumika, kama zile mnazowakodishia watalii, kuliko mpya ya uongo.

Shokapu iwe ya upepo, ili niijaze kulingana na uzito wangu, na pampu yake isikosekane. Mkalishe Fidelia juu yake, tunalingana uzito. Izame kama robo, ainuke nayo irudi bila kupuliza upepo na bila kuacha mafuta kwenye mti wake, ule unaoingia na kutoka. Kisha inyanyue kwa kushika siti. Ikigonga kwa nyuma, ujue maungio yamelika, achana nayo. Fremu ifute, uimulike kwa tochi kila palipochomelewa, maana ufa mdogo huku kwetu haukai mdogo. Breki ziwe za diski, za mafuta zikipatikana. Fremu iwe ndogo, mimi ni mfupi. Habari ya springi ndefu za kurukia majabali waachie vijana, mimi nakagua parachichi. Na kama fedha haitoshi vyote, punguza kwenye gia, usipunguze kwenye shokapu. Yote haya ulinifundisha mwenyewe, nayarudia ili huruma isikufanye uniokotee yoyote.

Ukiipata, inunue, uihifadhi hapo kwako. Usiitume mpaka nikuambie.

Najua utauliza kwa nini, na mgongo uko hivyo. Basi nikueleze yaliyotokea leo asubuhi.

Tulikuwa tunapanda kutoka shamba la mwisho, pikapu ikazima katikati ya kilima. Baba yako akashuka kuweka mawe nyuma ya matairi. Kulikuwa na ukungu, hakuna mtu mwingine. Nikamwona anavyoinama, amezeeka, mikono imejaa grisi, shati la kanisani limechanika begani. Akaja dirishani kwangu, akasimama pale bila kunitazama.

"Anneth," akaniita.

"Naam, kaka."

Nikajua anataka kulisema. Nakuapia, Amoni. Angesema "nimekosa" pale pale, ningeshuka nikamfuta ile grisi kwa khanga yangu, na kuanzia kesho ningemwachia alale mpaka jua litoke. Neno moja tu, na yeye analijua, kwa sababu tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akinilazimisha niliseme mbele ya bibi.

Akajikohoza. Akasema, "Baiskeli ya namna ile inauzwaje? Nitoe mimi yote. Amoni akununulie mpya kabisa."

Nikatazama mbele. Nikamwambia, "Kaka, tumechelewa. Endesha."

Sasa atakupigia simu, labda kabla wiki haijaisha, kukuuliza bei. Yeye ni baba yako na utamheshimu, lakini usipokee hata senti yake. Mwambie fedha ya baiskeli shangazi anayo, na baiskeli yenyewe imeshapatikana, hata kama bado unaitafuta. Kinachosubiriwa ni neno lake, na hilo halitumwi kwa simu. Alilete mwenyewe kwa mdomo wake. Lisipokuja, wiki ijayo tunaanza mashamba ya upande wa Ludewa, ambako naambiwa njia ni mbaya zaidi.

Mama yako Jenifa anakusalimu, anasema umtumie picha ya Joackim. Dada yako Dainess anawasalimu pia, na Mzee Laurenti, ambaye siku hizi ananisalimu mara mbili. Msalimie Fidelia kipekee, umwambie asichoke kukalia baiskeli za watu kwa ajili yangu. Mungu awalinde, ailinde na mikono yako kazini, na amfungue baba yako kinywa kabla ugonjwa haujaufunga mgongo wangu.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye sana, na nisiyesahau,

Anneth Mligo