Kiazi Alichoomba Mama

Nyamigogo, Biharamulo
4 Machi 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Huku wote wazima, mimba yangu ina miezi saba. Mama anaendeleaje na sukari yake? Naandika kwa sababu najua masikio yako hayasikii vizuri kwenye simu.

Wifi yangu Joyness amenionyesha mtu anayefundisha kwenye simu. Anasema wanga wote unageuka sukari mwilini. Basi mama asile tena ugali, ndizi, viazi wala maharage. Ale mayai, nyama, parachichi na mboga zenye mafuta. Vidonge vyake asiviache. Msimamie, Baba, unajua hawezi kujizuia.

Mwanao,
Priscila

Nyakisasa, Ngara
9 Aprili 2024

Mwanangu Priscila,
Marahaba. Mimi mzima, magoti tu. Namshukuru Mungu kwamba mimba inakua.

Tunafuata ulivyoandika. Siku hizi napika mwenyewe, wanawake wa jumuiya wananicheka. Nyama tuliipata Pasaka tu, na kuku wamegoma kutaga, kwa hiyo anakula mchicha wa mawese na parachichi. Vidonge anameza asubuhi na jioni. Amepungua sana. Asubuhi anatetemeka na kutoka jasho, tena juzi aliniita kwa jina la marehemu kaka yake. Nadhani ni ugonjwa unamtoka. Anasema anataka apone aje kumwogesha mtoto wako.

Baba yako,
Leonidas

Nyamigogo
16 Aprili 2024

Baba,
Shikamoo. Nimempelekea muuguzi wa kliniki barua yako. Aliisoma, akauliza mama anameza vidonge gani. Nilimtajia.

Anasema vidonge hivyo vinashusha sukari hata kama mtu hajala. Kule kutetemeka ni sukari imeshuka mno. Akianza tena, mpe maji ya sukari hapohapo kama anaweza kumeza, kisha mpeleke kituo cha afya. Anahitaji ugali kidogo, kama ngumi yake, kila mlo. Maharage ale, mboga zijae nusu ya sahani, parachichi kipande, mafuta kijiko kimoja. Wanga haukatwi wote, unapimwa.

Tangu jana nampigia jirani yenu Kwandu, hapatikani. Barua hii anaileta katekista.

Nilikosea, Baba. Mpe chakula.

Priscila

Nyakisasa
30 Mei 2024

Mwanangu,
Nakusalimu, pamoja na mjukuu wangu ambaye bado sijamwona. Najua hukuweza kuja kumzika mama yako, kwa kuwa ulijifungua siku ileile ya mazishi. Lakini tangu hapo hujaniandikia, na moyo wangu hautulii.

Barua yako ya mwisho niliipata kesho yake baada ya mazishi.

Jioni ya mwisho mama yako alishika kiazi kitamu, akaniomba. Alisema, "Nusu tu, Leonidas, nasikia njaa." Nilikitoa mkononi mwake. Asubuhi nilimkuta amelala, mwili una jasho, haamki. Tulimbeba, akafia njiani.

Kituo cha afya waliponiuliza nani aliniambia nimnyime chakula, nilisema ni akili yangu, na barua yako ya Machi nimeificha. Shangazi zako hawanisalimii tena, hata kanisani. Wanasema nilimuua kwa njaa. Waache. Mimi ni mzee, na wewe unanyonyesha. Usije ukawaambia.

Baba yako

Nyamigogo
11 Juni 2024

Baba yangu,
Shikamoo. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, nilichana karatasi. Mtoto ni msichana, nimempa jina la mama, Avelina. Nikimwogesha nalia mpaka mama mkwe ananipokonya.

Hili moja sitakutii. Jumamosi nakuja na mtoto. Nimewatumia shangazi ujumbe wakusanyike nyumbani kwako. Nitawasomea mwenyewe barua yangu ya Machi, ile uliyoificha. Kama ni kuacha kumsalimia mtu, wasinisalimie mimi.

Usipike chochote. Nitapika mimi, tule wote.

Mwanao,
Priscila