Wale wanawake waliobaki kisiwani, na Nasimiyu wangu

Jumapili, Kitale. Mwezi wa nne, mvua tangu alfajiri.

Mvua leo imekataa kuacha. Mahindi tumeshapanda, shamba limelewa maji, hakuna pa kwenda. Nimetoka kanisani nikavua viatu, nikakaa jikoni na simu, sasa ninaandika kwenye huu ukurasa ambao Nasimiyu alinifungulia kabla aende. Aliniambia Mama, maneno yako ni mengi, uyaandike. Niliishia darasa la nane, lakini kwa maneno bado sijaona wa kunishinda.

Kama wewe ni mgeni hapa, Nasimiyu ni kifungua mimba wangu. Kazi yake ni kuchunguza ndege wa baharini. Yuko kwenye kisiwa kimoja huko chini kabisa ya dunia, ukishapita Afrika Kusini unaendelea tu na maji. Hakuna duka, hakuna kanisa, hakuna hata mti wa kuanikia nguo. Watu wote wa huko wanaweza kutoshea kwa sebule yangu. Meli huwafikia mara moja kwa mwaka. Sasa kutoka Kitale mpaka Lwakhakha nionyeshe mama mwingine ambaye mtoto wake amefika mahali kama hapo. Nangoja.

Meli inakuja mwezi ujao. Alikuwa arudi nayo. Lakini wakubwa wake wamemwomba abaki mwaka mwingine, na Jumapili iliyopita akaniambia mimi ndiye niamue. Atapiga leo jioni kusikia jibu.

Sina jibu.

Kwenye chama chetu cha akina mama nimejaza watu maneno. Nimesema anasimamia kisiwa kizima. Nimesema wazungu wanamwita daktari. Mchungaji hata alimtaja kwenye maombi, nikasimama ndiyo watu wajue anayetajwa ni wa nani. Lakini nikifika nyumbani nawasha moto, na nikipika ugali mkono wangu unapima ule wa zamani, wa watu wengi. Baba Nasimiyu anakula kiporo asubuhi.

Mwaka jana akienda nilimkaushia kumbikumbi. Unajua mvua kama hizi zikianza wanavyotoka. Niliwategea mwenyewe, nikawakaanga na chumvi, nikawaanika, nikawafunga ndani ya sweta katikati ya begi. Sikumwambia. Kumbe kwa hicho kisiwa mdudu haruhusiwi, hata mbegu iliyonasa kwa soksi hairuhusiwi, wanakagua mpaka mshono wa mfuko. Wakapata mfuko wangu. Wakamwambia utupe. Nasimiyu alikataa kutupa. Alisimama pale bandarini akala wote, kiganja baada ya kiganja, meli ikimngoja.

Hiyo niliisimulia kila mahali kama kichekesho. Mulamwa wangu Rasoa, dada ya mume wangu aliyeolewa Malakisi, hakucheka. Aliniambia hata jela wanaruhusu chakula, mulamwa, sasa huyo mtoto umempeleka wapi.

Tangu siku hiyo niliacha kuisimulia kwenye chama.

Huko kisiwani jioni zao ni ndefu, na Nasimiyu amekuwa akisoma habari za watu wa kale walioachwa kwenye visiwa. Ananitumia kwa sauti, mtandao ukikubali. Kuna baharia mmoja Mskoti aligombana na nahodha wake akaachwa peke yake, miaka zaidi ya minne. Alikimbiza mbuzi mpaka akawa anawashika kwa mikono. Alifuga paka wamlinde, maana panya walikuwa wanamtafuna miguu akilala. Na kila siku alisoma Biblia kwa sauti kubwa, akaimba zaburi. Bado walipomkuta, maneno yalikuwa yanatoka nusu nusu.

Niliposikia hiyo nikaogopa. Kwa sababu juzi tukiongea, Nasimiyu alikwama. Alikuwa anatafuta jina la mwiko wa ugali kwa Kibukusu chetu, akalikosa, akamalizia na Kiingereza. Tulicheka. Nikasema ni mtandao.

Lakini ile habari iliyonikaa kifuani ni ya wanawake. Walikuwa watu wa Madagaska, wametekwa wakauzwe utumwani. Meli ikavunjika kwenye kisiwa cha mchanga mtupu. Mabaharia wazungu wakaunda mashua kwa mbao zilizobaki, wakapanda wao, wakawaambia wale Waafrika tutarudi kuwachukua. Ilichukua miaka kumi na tano. Wengi walikufa. Walibaki wanawake saba na mtoto mmoja mchanga. Walikuwa wamekula kasa na ndege, wamesuka manyoya wakavaa, wametunza moto mahali pasipo na kuni.

Na sufuria zao, Nasimiyu alisema, zilizochimbuliwa juzi juzi tu, zimezibwa na kuzibwa tena. Kiraka juu ya kiraka. Hapo nilisimamisha simu. Mimi najua kazi ya kuziba sufuria. Hakuna anayeziba sufuria kama hatarajii kupika kesho.

Basi nikarudisha nisikie mwisho. Akasema yule mtoto mchanga alikuwa na mama yake, na mama yake naye alikuwa na mama yake. Bibi, binti, mjukuu, waliokolewa pamoja.

Niliwaonea wivu.

Mungu anisamehe. Watu wameibwa kwao, wametupwa kwenye mchanga, na mimi mwenye nyumba ya bati, ng'ombe na mume, nawaonea wivu kwa sababu yule mama alikuwa na binti yake kando ya moto mmoja.

Nilimwambia Baba Nasimiyu hayo yote wakati wa chai leo. Nikamwambia nataka arudi, basi, waniseme wanavyotaka kwenye chama. Yeye huwa hana maneno mengi. Alimaliza kikombe kwanza.

"Ukimwambia arudi, atarudi," akasema. "Hapo ndipo pagumu."

Ni kweli. Ni mtoto wa kutii. Angeshuka kwenye hiyo meli anatabasamu, angenisaidia kupalilia, na nisingejua kamwe ameacha nini huko nyuma. Wale wa mchanga waliahidiwa mashua, ikakawia miaka kumi na tano. Wangu ana meli yake kila mwaka, na kazi anayoipenda, na akili zake timamu.

Ila kuna neno moja sijawahi kumwambia. Kila Jumapili nampa habari za kuku, za mazishi, za nani amejenga, nacheka kwa nguvu, naringa naye. Anajua namwonea fahari. Sijui kama anajua ninavyomlilia.

Kwa hivyo jioni nitaongea Kibukusu kitupu, akikwama nitamkumbusha. Nitamwambia kaa, mama, malizia kazi yako. Halafu nitamwambia nina hamu na wewe mpaka ugali unanikataa. Halafu ninyamaze, nimwachie aseme yaliyo kwake.

Hiyo ya kunyamaza ndiyo mniombee.