Gari Lipo, Namba Haijatoka

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kwenye simu hatusikilizani, wewe kikohozi na mimi machozi. Najua binamu atakusomea haya akiwa kando ya kitanda chako, basi na yeye namsalimu. Unaendeleaje? Kifua kinakuachia usingizi siku hizi? Tumesikia juzi ulimaliza uji ukaomba tena, tukafurahi hapa kama tumekunywa sisi.

Baba hajambo kwa kiasi chake. Tangu kiharusi kimpate mkono wa kulia umegoma, mguu anauburuta, na maneno yanamtoka moja moja, lakini akili iko palepale. Jana aliirudisha chai yangu jikoni kwa kuwa sukari ilikuwa haba, na hakuhitaji neno hata moja kunieleza.

Shangazi, umekuwa ukiuliza kwa nini hatukufika Jumamosi ile. Uliambiwa gari lilisumbua. Gari ni zima, halina hata kikohozi, na sipendi ulale na habari nusu.

Daktari alimkataza Baba kupanda basi kwa safari ndefu namna hiyo. Kukaa wima kutwa hawezi. Ndiyo maana mimi na kaka tukajikusanya tukanunua gari, lililotumika lakini imara, lenye kiti cha mbele kinacholala hadi nyuma. Siku lilipofika nyumbani Baba alilizunguka na mkongojo wake, akaligongagonga bodi kama anayechagua tikiti maji, kisha akasema, "Dada." Hilo tu. Alijua lilinunuliwa kwa ajili gani.

Pale yadi tulipewa namba ya muda, karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma, na mwenye yadi akaahidi kutushughulikia namba ya kudumu na kadi ya gari. Tumembatiza jina la Bwana Usijali. Ukimpigia, usijali. Ukimfuata, anakuvutia kiti, anakuagizia soda, usijali dada yangu. Ukishafika barabarani ndipo unagundua ulichopata ni soda.

Karatasi ilipokaribia kuisha muda nilifunga saluni nikaenda mwenyewe ofisi ya usajili. Karani wa dirishani alitazama kompyuta, akatazama karatasi zangu, akanieleza kwamba namba ya chesisi kwenye hati si ile iliyogongwa kwenye gari. Tarakimu moja tu, Shangazi. Mtu aliona tatu akaandika nane.

"Basi nisahihishie," nikamwambia.

"Siwezi. Anayeomba masahihisho ni aliyeleta hati. Ni muuzaji."

"Na hii ya muda, niongezee basi."

"Ilishaongezwa. Mfumo haukubali tena."

Hakunifokea. Angenifokea angalau ningepata wa kumkasirikia.

Nikaenda yadi. Bwana Usijali akasema kosa ni la ofisi, warekebishe wao. Nikarudi ofisini, wakasema ni la yadi. Nimekwenda na kurudi hivyo mpaka mlinzi wa getini ananiuliza habari za nyumbani. Kaka naye aliondoka hapa amefura, ameapa kwamba leo patachimbika. Akarudi mpole, na soda tumboni.

Tukiwa katikati ya hayo binamu akapiga simu kwamba umezidiwa na unamtaja Baba. Kaka akaniangalia, nikamwangalia. Karatasi ilikuwa imeshakufa. Tukasema liwalo na liwe.

Jumamosi asubuhi tulimvalisha Baba lile koti lake la sherehe. Akagoma kutoka kabla hajanyolewa, nikamnyoa. Tukamlaza kiti cha mbele, kaka akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na mito na maji. Njia yote alikuwa anachungulia nje, uso umemkunjuka, sijamwona hivyo tangu augue.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini trafiki akatusimamisha. Akazunguka nyuma, akasoma, akarudi dirishani kwa kaka.

"Hii imekwisha muda. Mkigonga mtu huko mbele, hata bima itawakana."

Kaka akamweleza yote: chesisi, yadi, ofisi, na wewe. Trafiki, mtu mzima mwenye mvi, alisikiliza hadi mwisho. Ndipo Baba akafungua mdomo. Akasema, polepole lakini wazi kabisa, "Afande, dada yangu anaumwa."

Yule mtu akavua kofia.

"Pole sana, mzee wangu. Nikikuruhusu mimi, kizuizi kijacho watalizuia gari, na wewe utabaki kando ya barabara na jua hili. Rudini nyumbani. Sitawaandikia faini."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sawa. Tukageuza.

Baba hakutaka kushuka. Tulisimama mbele ya nyumba, yeye akabaki ndani na koti lake na mkanda kifuani. Nikampelekea chakula mle mle, akala vijiko viwili vitatu. Baridi ya jioni ilipoanza ndipo aliponinyooshea mkono mzima nimtoe.

Utasema tukodi gari jingine. Tumejaribu. Kila mwenye gari akishasikia umbali wenyewe na hali ya mgonjwa, anakumbuka ana udhuru. Na yadi sasa ina kufuli. Mlinzi anasema tajiri amesafiri, hajui atarudi lini. Mkuu wa ofisi ya usajili amenipokea vizuri, ameandika malalamiko yangu, amesema atamwita muuzaji. Atamwita wapi?

Sina la kukuahidi, Shangazi. Gari liko nje, nalifuta vumbi kila asubuhi, na sijui nigonge mlango wa nani tena.

Mfikishie mzee wako shikamoo yangu. Wape pole mapacha kwa mitihani. Binamu muuguzi, asante kwa kukesha. Mungu akujalie pumzi ya kutosha, Shangazi, na usingizi usiokatizwa, na akuepushie maumivu yale ya ubavuni.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wa kaka yako

Nimemsomea Baba barua hii, akaomba kalamu. Mstari wa chini ni wake, ameuandika kwa mkono wa kushoto. Binamu, usome taratibu, herufi zimepanda na kushuka:

Dada usifunge mlango. Nakuja.