Kitabu cha Sita

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie huko Eldoret kwenye baridi. Sisi hapa Lamu tu wazima, na mamako amepaka ukumbi chokaa. Waniambia umebakiza kitabu kimoja cha ile hadithi yako ndefu ya majini na mapenzi, na waogopa kukimaliza. Wauliza kama nami niliwahi kuogopa hivyo.

Niliogopa sana. Dada yangu Zuhura hakujua kusoma, basi nilikuwa nikimsomea hadithi ya binti wa sultani na nahodha, vitabu sita. Kabla hatujafungua cha sita, akaposwa na mtu wa kisiwa cha Kiwayu. Nikakificha ndani ya debe la mchele, nikidhani hadithi isipoisha hatoondoka. Alikiona akipima mchele wa harusi.

"Weye!" akacheka. "Nisomee leo. Wataka niende bila kujua kama wameoana?"

Nikamsomea asubuhi nzima. Wakaoana, tukalia, naye akaenda zake.

Alipotuzuru Idi, alikuwa amenawiri. Wanawake wa Kiwayu alikuwa amewasimulia vitabu vyote sita, na walipomsihi aendelee, akatunga cha saba mwenyewe. Alinihadithia jikoni, na hicho ndicho nikipendacho kuliko vyote.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaisha