Boneti Niliyoikuta ya Moto

Kaka Yona,

Shikamoo nakupa, maana Mama alitulea tukijua salamu ni ya umri, si ya tabia. Baada ya hapo usitegemee neno tamu.

Nimekaa nyuma kwenye bodi ya pikapu ya Baba, hapahapa nyumbani Hombolo. Haiwaki bila kuvutwa. Unakumbuka Baba alivyotufundisha sote wawili kuisikiliza? Stata ikigonga tu bila kuzungusha, angalia betri na vichwa vyake. Ikizungusha vizuri na injini isishike, fuata dizeli. Halafu anatupeleka nyuma kwenye ekzosi: moshi mweusi, dizeli haiungui vizuri, wa bluu, injini inakula oili. Wewe ulidaka upesi kuliko mimi, na mimi nikatamba shuleni kwamba kaka yangu anajua gari kwa kunusa tu.

Basi siku ya kikao cha ukoo, tulipomaliza matanga ya Baba, ukasimama mbele ya baba wadogo ukasema, "Mimi nichukue shamba la zabibu, mdogo wangu achukue pikapu. Ndiye anayeipenda." Wakakupigia makofi! Ukaiwasha, ikashika papo hapo, wala haikutoa moshi. Nikaweka mkono kwenye boneti, ina moto. Baba alikuwa akisema, ukienda kununua gari ukakuta boneti ya moto, nenda zako urudi kesho asubuhi ikiwa imepoa, maana injini iliyopashwa huficha ugonjwa wake. Nikakutazama. "Nimetoka kuchukua viti kanisani," ukasema. Nikaamini. Sikuwa nanunua gari, nilikuwa nagawana na kaka yangu.

Leo fundi ameifungua. Oili uliyoweka ni nzito kama asali, ile ambayo madalali wanaweka kwenye gari bovu lisitoe moshi mbele ya mteja. Kwa baridi hii ya Agosti, stata haiwezi kuisukuma. Tukaimwaga, tukaweka oili yake, tukaivuta kwa trekta. Ikawaka, na ekzosi ikafuka moshi wa bluu uwanja mzima mpaka kuku wakakimbia.

"Dada, ringi za pistoni zimekwisha siku nyingi, ndiyo maana inakula oili," fundi akasema. "Aliyekuuzia alijua."

Nikamwambia sikuuziwa. Akainama kukusanya spana zake.

Wenye mashamba ya zabibu wameshakodi kirikuu, kigari cha mizigo cha mtu mwingine, na msimu ndio huu. Kubeba zabibu ndiyo kazi iliyokuwa inilishe mimi na Mama, Kaka, wewe ukiwa huko Mtumba hupokei simu zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli kabisa. Ungeniambia tu, "Gari imekufa, nami nataka shamba." Ningelia, ningekutukana, halafu ningekuachia. Lakini ukaamka alfajiri, ukaipasha moto, ukaja kunichekea machoni! Nina uchungu na wewe.

Mama ametoka nje sasa hivi kwa mkongojo wake, amesikia harufu ya moshi. "Yona angekuwepo angeshaitengeneza," akasema. "Mpigie mwanangu aje." Nikamjibu nimekupigia, umesema pole, kazi zimekubana. Akatabasamu, akarudi ndani akikuombea.

Mwana wake nimemwachia, sitamnyang'anya. Ila mimi kaka sina tena.

Baki salama na shamba lako.

Mimi,
mtoto wa mama yako