Nyumba Haijajibu

Mtani wangu Mwalimu Kabula,

Salamu zikufikie huko Ngarambe, kama hujaolewa na tembo.

Hapa Mbwera jina langu limepanda. Mimi ndiye niliyemtoa mjukuu wangu Mwanahawa kwenye moto, hata unywele haukuungua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha. Hivyo ndivyo ninavyowatambia watu kisimani. Wewe siwezi kukudanganya. Uliyemfundisha ni wewe. Mimi nilibakisha kidogo tu nimuue.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Majirani wanasema mtoto ana shetani, mimi nasema ni ukaidi wa mama yake. Wewe ukasema hali ile ina jina la Kizungu, ukalitamka, nikasikia kama dawa ya mbu. Ukaniambia, "Mtani, huyu si mjinga. Anashika neno kama kaa anavyoshika kidole." Wewe ndiye uliyegundua kwamba hatoki mahali mpaka aage, naye aitikiwe. Darasani alikuwa anabaki peke yake, kisa umesahau kumwambia "haya, kwaheri."

Basi siku hizi za ruksa, kila bidhaa inaingia madukani, mama yake alipoleta jiko la mafuta ya taa, ukaogopa. Nyumba ya makuti na jiko lile! Ukachora picha nne kwenye maboksi: moshi puani, acha kila kitu, mlangoni sema "kwaheri nyumba," kisha nenda ukasimame chini ya mti wa mkungu. Ukasema, "Aage tu, asingoje jibu." Mkamaliza wiki tatu mnarudia.

Ulipopanda boti tu, nikachukua mkaa nikaichorea ile nyumba ya kwenye picha mdomo. Nikawa najificha nyuma ya ukuta. Yeye akisema, "Kwaheri nyumba," mimi naitikia kwa sauti nene, "Nenda salama, mamaaa!" Akacheka, Mwalimu. Miaka tisa nilikuwa sijamsikia akicheka. Ningeachaje?

Siku ya moto mama yake alikuwa shambani, juu ya dungu, anawinga ndege wa mpunga. Mimi nimebandika maharage, nikaenda kwa jirani kuomba tumbaku. Kuomba tumbaku na umbea. Nageuka, naona makuti yanafuka moshi.

Nilikimbia kwa miguu hii unayoicheka. Nikamkuta amesimama ndani, karibu na mlango, mikono mitupu kama ulivyomwagiza. Jiko limeanguka, moto unapanda ukutani.

"Toka, mama! Toka!"

"Nyumba haijajibu," akasema.

Nikamshika mkono. Unajua akiguswa ghafla: akajitupa chini, akakumbatia mwimo wa mlango, akawa anapiga kelele kama anachinjwa. Nikavuta. Mikono ya mzee ni ya kutundikia shati tu. Moshi umeshuka mpaka kiunoni. Ndipo nikafahamu: sauti ya nyumba hutokea nyuma ya ukuta. Akiniona mimi, ni babu anayesema. Hilo si jibu la nyumba.

Mwalimu, nikamwacha. Nilimpa mgongo mtoto yule ndani ya moto, nikazunguka nyuma, makuti yanadondoka yakiwaka. Nafungua mdomo, nakohoa moshi tu. Nasikia anaita kwa adabu zote, "Kwaheri nyumba. Kwaheri nyumba." Nikaitikia kwa ile sauti nene: "Nenda salama, mamaaa!" Nililia huku nafanya mzaha.

Sikusikia kitu. Nikarudi mbele natambaa. Alikuwa kwenye mkungu, amesimama wima, masizi puani, anacheka.

Nyumba ilikwisha yote, na picha zako humo humo. Sasa tunajenga nyingine, udongo bado mbichi. Nimejaribu kumwambia nyumba haisemi, alikuwa babu yako mpuuzi. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Kila asubuhi anapapasa ukuta, ananiuliza, "Mpya ina mdomo?" Mimi naendelea kukanda udongo. Nikisema inao, atakayeitikia nikifa ni nani? Nikisema haina, kicheko kile nimekizika kwa mkono wangu. Nimechagua, Mwalimu, ila maneno yangu hayaamini. Yako anayashika.

Wakumbuka siku maji yalipokupwa, boti ikaishia mbali, na wewe mtu wa bara unaogopa tope kuliko Jehanamu? Nilikubeba mgongoni, na viatu vyako umevivaa, mpaka nchi kavu. Ukasema, "Mtani, mgongo huu nitaulipa." Bado unauma, na haujasahau.

Nichoree mlango. Kipande kimoja cha boksi, umpe mtu wa boti. Humo Mwanahawa ameaga, amekwishageuka, anakwenda, hangoji jibu. Na nyumba, tafadhali, usiipe mdomo.

Mtani wako,
Babu yake Mwanahawa