Jina Langu Kwenye Ripoti

Lusaka

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mlali, goti limetulia, na mvua haijaozesha maharage ya kule juu mlimani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenifanya nivae lile sweta ulilosema ni la kibibi. Barua anakuja nayo mwenzangu. Atashuka stendi ya Msamvu, kaka Shabani ataipokea. Ningepiga simu, lakini wewe huweka spika na nyumba nzima inasikia. Tafadhali isome mwenyewe kwanza.

Mama, mwaka jana niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa miezi sita, nikapona kabisa. Nilipokwambia ni mafua tu, nilikudanganya, maana nilijua ungepanda basi kesho yake. Nisamehe. Nakwambia sasa kwa sababu kuna jambo nimelifanya ninalojivunia, na bila kujua niliugua hutalielewa.

Kazi yangu hapa hospitalini ni ripoti: michoro ya kuonyesha wamekuja wagonjwa wangapi, na kwa maradhi gani. Kompyuta inachota hesabu hizo moja kwa moja kwenye mafaili ya wagonjwa. Mwezi uliopita fundi wa nje alituletea ripoti mpya, ya kuonyeshwa wageni na kutumiwa wafanyakazi wote. Nilipoikagua, nikabonyeza mchoro wa kifua kikuu. Yakafunguka majina! Majina kamili, mitaa, dawa. La kwanza kulitambua lilikuwa la dereva wetu. Chini yake kidogo, langu, maana nilitibiwa hapa hapa.

Kumbe fundi aliiunganisha ripoti na mafaili kwa nywila ya mkuu wa kompyuta, ile inayofungua kila kitu. Kwa hiyo yeyote aliyefungua ripoti alikuwa anaingia kama mkuu mwenyewe.

Nikaenda kwa bosi wangu, Bwana Phiri.

"Nani atabonyeza huko?" akasema. "Wageni wanakuja keshokutwa, Zuhura. Liache."

Sikuliacha. Kesho yake kwenye kikao cha wakuu wa idara nikaomba dakika tano. Ningeweza kuwafungulia orodha yote wajionee, lakini dereva ana mke na watoto, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Basi kabla ya kuionyesha ripoti ukutani nikaichuja orodha, likabaki jina moja.

"Hili ni jina langu," nikasema. "Huu ni ugonjwa wangu, na hizi ni dawa nilizomeza. Nimefungua kwa ruhusa zile zile anazopewa karani wa mapokezi. Ripoti hii ikitoka, kila mfanyakazi ataweza kuwasoma wagonjwa wetu wote hivi."

Muuguzi mkuu, mama mtu mzima, akavua miwani. "Funga, mwanangu, inatosha," akaniambia. Kisha akamgeukia Bwana Phiri: "Hii haitoki."

Ziara ya wageni ikasogezwa wiki moja mbele. Nikatenga kwenye kompyuta ghala jingine lenye hesabu peke yake, majina hayamo kabisa, na ripoti nikaipa nywila yake, inayoweza kusoma ghala hilo tu. Nywila ya mkuu tukaibadilisha. Halafu nikajaribu mwenyewe kuipenya ripoti kila upande, nikaambulia namba tu. Bwana Phiri aliniita. "Niliangalia haraka yangu," akasema, basi. Lakini tangu siku hiyo hakuna ripoti inayotoka bila saini yangu. Binti yako wa Mlali, Mama!

Sitakuficha tena: wapo waliohamisha sahani zao mezani nilipokaa. Iliniuma. Wengine wamerudi, wengine bado. Ila dereva ananisalimia kila asubuhi kama kawaida, anacheka, hajui lolote. Hapo ndipo moyo wangu unapojaa.

Nisalimie kaka Shabani na wifi, shangazi anayeuza nyanya Dumila, na bibi. Mwambie sweta lake linanifaa. Baba mdogo naye, ingawa najua atauliza maswali mengi.

Akiuliza nilikuwa naumwa nini, usimfiche, Mama. Ni habari yangu, na nimekuruhusu uiseme.

Mwanao akupendaye,
Zuhura